Ndege Imezuiwa na Hali ya Hewa: Uvumilie Nini, Udai Nini

Abiria wengi wa kwetu wakishaambiwa "ni hali ya hewa" hawaulizi tena. Wanarudi kwenye viti, wanapiga simu nyumbani kusema leo hawafiki, na wanasubiri. Tumelelewa hivyo: kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli, na sitamshauri mtu yeyote agombane na mvua. Lakini mvua ikishanyesha, yanayofuata ni kazi ya watu. Kumwacha mama mwenye mtoto mchanga akeshe sakafuni bila chakula, kuwanyima abiria taarifa kutwa nzima, kumwambia mtu nauli yake imeliwa wakati safari imefutwa na shirika lenyewe: hayo hayakushuka na mawingu.

Ninachotaka msafiri akishike ni hiki. Hali mbaya ya hewa inaweza kuliondolea shirika wajibu wa kukulipa fidia ya usumbufu. Haiwi ruhusa ya kukaa na nauli yako bila kukupa safari, na kwa safari za Ulaya haiondoi hata wajibu wa kukulisha na kukulaza unaposubiri. Anayechanganya mambo haya hupoteza yote. Anapandisha sauti akidai fidia asiyostahili, anakataliwa, anaondoka na hasira zake bila hata ile sahani ya chakula aliyostahili.

Tuanze na la kuvumilia. Uamuzi wa kuruka au kutoruka, kutua au kutotua, ni wa rubani, na abiria hana la kusema. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ndani ya Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba wakati hali ya hewa ilikuwa mbaya. Walikuwamo watu 43. 19 hawakutoka hai, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Sisemi haya kumhukumu mtu. Nasema ili siku utakapoona abiria wenzako wanawazomea wahudumu kwa sababu rubani amegeuza ndege na kurudi Mwanza, usijiunge nao. Rubani anayerudi amekufanyia hisani kubwa kuliko utakavyoweza kumlipa.

Inasaidia pia kujua anaona nini kule mbele. Ukungu wa alfajiri wa Nairobi, kwa mfano, hauzuii ndege kwa sababu rubani anaogopa. Kwa vyombo vya kawaida vya kuongozea ndege kutua, rubani akishuka hadi kama mita 60 juu ya ardhi na bado haoni barabara ya kutulia wala taa zake, sheria inamtaka apande tena. Anabeba mafuta ya kumfikisha uwanja mbadala na akiba ya nusu saa juu yake, si ya kuzunguka angani mpaka jua litoke. Ndiyo maana abiria wa Nairobi hujikuta wametua Mombasa au Kilimanjaro. Na radi nayo ina sheria zake: ikikaribia uwanja, wapakia mizigo na wajaza mafuta huondolewa eneo la ndege. Abiria dirishani anaona ndege imesimama na mvua imepungua, anasema hawa wanatuchezea, kumbe kijana wa kujaza mafuta hapaswi kusimama pale akiwa ameshika bomba huku kunapiga radi.

Sasa la kudai.

Mvua ina mwanzo na mwisho, lakini neno "hali ya hewa" hubaki kaunta muda mrefu baada ya jua kuchomoza. Ndege moja haifanyi safari moja kwa siku. Asubuhi inakwenda Mwanza, inarudi, mchana inakwenda Zanzibar, jioni Dodoma. Ikicheleweshwa asubuhi kwa muda wa saa tatu, wa jioni wanalipa deni la asubuhi ingawa Dodoma hakuna hata wingu. Marubani na wahudumu nao wana ukomo wa saa za kazi kisheria. Wakikaa sana wakisubiri mvua ipite, ukomo unafika, na hapo ndege ni nzima, anga ni safi, na hakuna wa kuirusha. Shirika lililojiandaa lina wafanyakazi wa akiba na ndege ya akiba. Lisilojiandaa lina tangazo tu.

Dubai walituonyesha hili kwa ukubwa wake mwezi Aprili 2024. Tarehe 16 ilinyesha mvua ambayo Falme za Kiarabu hazikuwahi kuiandika tangu kumbukumbu zao zianze mwaka 1949. Sehemu moja ya Al Ain ilipata milimita 254 kwa muda usiofika siku nzima. Barabara zilizama, wafanyakazi wakashindwa kufika uwanjani, na chakula na vifaa vikashindwa pia. Emirates ilisimamisha kuandikisha abiria wanaoanzia Dubai, kisha ikasimamisha na wale wanaounganisha ndege pale mpaka mwisho wa tarehe 19. Mvua ya siku moja ikawa msukosuko wa siku kadhaa. Rais wa shirika hilo, Tim Clark, aliandika barua ya wazi kuomba radhi. Alitaja safari karibu 400 zilizofutwa, vyumba vya hoteli zaidi ya 12,000 walivyotafuta, vocha za chakula 250,000 na mabegi kama 30,000 yaliyoachwa nyuma, na akakiri kwamba walivyolishughulikia jambo lile hakukuwa kuzuri vya kutosha. Watu wetu hupita pale pia: wafanyabiashara wa Kariakoo wakielekea China, vijana wakirudi kazini Ghuba, wagonjwa wa kwenda India.

Marekani mfano wao ni mchungu zaidi. Dhoruba ya theluji ya Desemba 2022 ilipiga mashirika mengi, na mengi yakarejea hali ya kawaida ndani ya siku chache. Shirika la Southwest lilifuta safari 16,900, kwa sababu mfumo wake wa kupanga wafanyakazi ulizidiwa na haukujua tena marubani wako wapi. Mwaka mmoja baadaye Wizara ya Uchukuzi ilitangaza adhabu ya dola milioni 140 dhidi yake, sehemu kubwa ikiwa ni fedha za kuwafidia abiria watakaokwama siku za mbele. Theluji ilikuwa ileile kwa wote. Kilichotofautiana ni maandalizi.

Kwa hiyo swali la kuuliza kaunta si "kwa nini tumechelewa?" Jibu la swali hilo unalijua kabla hujauliza. Uliza hivi, kwa sauti ya kawaida na baada ya salamu: "Samahani dada, ndege itakayotubeba iko wapi sasa hivi, na saa hii inazuiwa na nini?"

Akisema iko Mwanza na kule bado kunanyesha, kaa, subiri. Akisema wahudumu wamemaliza saa zao, muulize wengine wanaripoti saa ngapi, na usikubali kuambiwa "baadaye". Akisema kuna hitilafu ya ufundi, kwa safari zinazolindwa na sheria ya Ulaya habari imebadilika kabisa, kwa sababu mahakama ya Ulaya iliamua tangu mwaka 2008 kwamba hitilafu ya ufundi kwa kawaida si udhuru wa kukwepa fidia. Na akisema hajui, mwombe kwa upole akuitie msimamizi wa zamu. Hapo hapo, kama simu yako ina bando, fungua programu ya kufuatilia ndege, Flightradar24 kwa mfano, uangalie ndege zinazotua na kuruka uwanja huo. Kama mashirika mengine yanaruka kwa zamu na lenu tu limeganda, una haki ya kusema hivyo. Omba sababu iandikwe, iwe kwa barua pepe, kwa ujumbe wa simu au kwenye karatasi yenye muhuri. Karatasi hiyo ndiyo utakayosimama nayo baadaye.

Wakati unasubiri zamu yako kwenye foleni, usisubiri tu. Piga simu ya huduma kwa wateja, na kama tiketi ulikatiwa na wakala mtafute naye. Viti vya ndege inayofuata ni vichache na watu ni wengi, na mara nyingi mfumo wa shirika huwapangia upya abiria wake wenyewe bila kuwauliza, ukikutupa kesho kutwa wakati leo jioni kuna nafasi kwa njia nyingine. Njoo kaunta na jibu mkononi: "Kaka, naona kuna ndege ya usiku kupitia Addis Ababa, naomba uniangalizie kama mnaweza kunihamishia huko." Mfanyakazi aliyechoka, mwenye watu mia nyuma yako, atamhudumia haraka anayejua anachotaka. Fikiria na viwanja vya jirani: wa Arusha anaweza kuondokea Nairobi, wa Nairobi anaweza kuondokea Kilimanjaro, mradi hati za kuvuka mpaka ziwe sawa.

Sheria inayokulinda hutegemea unatoka wapi, unakwenda wapi na umepanda ndege ya nani.

Ukiondoka uwanja wowote wa Umoja wa Ulaya, kwa shirika la nchi yoyote, unalindwa na Kanuni ya 261 ya mwaka 2004. Ukielekea Ulaya ukitokea huku unalindwa pia, ila kama shirika ni la Ulaya. Kwa hiyo mwenye KLM kutoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam amo ndani. Mwenye shirika la Ghuba kutoka Dar es Salaam hayumo. Kanuni hii inatoa fidia ya euro 250 hadi 600, na dhoruba ya kweli huifuta fidia hiyo. Lakini chakula, hoteli, usafiri wa kwenda hotelini na mawasiliano vinabaki palepale. Mwaka 2013 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliulizwa kama shirika linaweza kuacha kuwahudumia abiria kwa kuwa majivu ya volkano ya Iceland ya mwaka 2010 yalikuwa balaa lisilo la kawaida. Ikajibu hapana: wajibu wa kuwatunza abiria hauna ukomo wa siku wala wa fedha. Uingereza imebaki na kanuni za namna hiyohiyo baada ya kujitoa.

Marekani ni kinyume chake. Kwa sababu ya hali ya hewa, hakuna sheria inayolazimisha upewe chakula au kitanda. Ila safari ikifutwa, au ikichelewa saa 6 au zaidi kwa safari ya kimataifa, na wewe ukaamua kutosafiri, lazima urudishiwe nauli kwa fedha, hata kama kisa ni kimbunga. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo anarudishiwa ndani ya siku 7 za kazi, wengine ndani ya siku 20. Hili linawahusu pia wanaotoka Nairobi kwenda New York moja kwa moja.

Kwingineko, kwa safari za kimataifa, wengi wetu tunasimamia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya zimo. Huu haukupi hoteli usiku uleule. Unakuruhusu kudai hasara uliyoipata kwa kucheleweshwa, isipokuwa shirika lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua iliyotarajiwa kwa busara kuzuia hasara hiyo, au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Soma maneno hayo tena: mzigo wa kuthibitisha uko kwao. Kwa hiyo risiti ya chakula ulichonunua, ya chumba, ya teksi, itunze. Ipige na picha, maana karatasi za mashine zile hufutika.

Kwa vitendo, safari za ndani ya nchi hutegemea zaidi masharti ya tiketi na busara ya meneja wa kituo. Hapo adabu na ufuatiliaji vinafanya kazi kuliko vifungu vya sheria. Omba kuhamishiwa ndege inayofuata bila kulipia, au urudishiwe nauli. Ukipewa vocha ya kusafiri siku nyingine huku unataka fedha yako, sema unataka fedha kabla hujaipokea.

Kosa moja linawaumiza watu wetu kuliko mengine yote, nalo ni tiketi mbili zisizojuana. Mfanyabiashara anakata Dar es Salaam hadi Dubai kwa shirika moja, na Dubai hadi Guangzhou kwa jingine, kwa sababu ameokoa dola themanini. Mvua ikichelewesha ya kwanza, shirika la pili halina habari naye. Kwao yeye ni abiria ambaye hakutokea, na nauli imekwenda. Angekuwa na tiketi moja, yenye namba moja ya uhifadhi kutoka nyumbani hadi mwisho wa safari, jukumu la kumtafutia ndege nyingine lingekuwa la aliyemuuzia. Muulize wakala wako kabla hujatoa hela: "Hii ni tiketi moja au mbili?" Kama ni mbili, na huna njia nyingine, weka usiku mzima katikati.

Jambo la pili ni pasipoti zetu. Mzungu aliyekwama Ulaya akipewa vocha ya hoteli anatoka anakwenda kulala. Mtanzania au Mkongo asiye na viza hawezi kuvuka uhamiaji, na vocha ya hoteli iliyoko mjini ni karatasi tu kwake. Usiipokee na kunyamaza. Sema: "Sina viza ya kutoka nje, naomba nafasi kwenye hoteli ya ndani ya uwanja, au sehemu ya kupumzikia." Zipo katika baadhi ya viwanja, na anayewahi kusema ndiye anayepata. Na kwa kuwa unaweza kulala uwanjani bila mizigo yako, dawa za presha na sukari, maziwa ya mtoto, nepi, chaja na nguo moja ya kubadilisha vikae kwenye begi la mkononi. Nimemwona mzee akihangaika uwanjani usiku, insulini yake iko tumboni mwa ndege na hakuna anayeruhusiwa kuifuata. Binti wa kaunta alimwita "babu" kwa heshima zote, akampa kiti na maji, lakini dawa hakuwa nayo. Mtu mwenye maradhi asikubali kamwe dawa yake ishushwe kwenye mizigo, hata kama ndege imejaa na wanakusanya mabegi mlangoni.

La tatu: usiifute safari mwenyewe kwa haraka. Ukiona kwenye taarifa kwamba kimbunga kinakuja, ukapiga simu kusema huendi, umejitoa kwa hiari, na masharti magumu ya tiketi yako yanaanza kufanya kazi dhidi yako. Subiri shirika lifute, au uliza kama wametoa ruhusa ya kubadili tarehe bila kulipia. Mashirika mengi hufanya hivyo dhoruba inapotabiriwa. Na usiruke kipande cha kwanza cha tiketi bila idhini. Mtu wa Dodoma ambaye ndege yake ya Dar es Salaam imefutwa anaweza kuona rahisi kukimbilia treni ya SGR ili awahi ndege ya usiku ya kimataifa. Wazo ni zuri. Lakini kama vipande vyote viko kwenye tiketi moja, apige simu kwanza aandikiwe kwamba ameruhusiwa kuanzia Dar es Salaam, la sivyo mfumo utamhesabu hakutokea na kufuta safari yote iliyobaki, pamoja na ya kurudi.

Kuna ushauri maarufu kwamba upande ndege ya kwanza ya asubuhi, na mahali pengi ni mzuri, kwa kuwa ndege imelala pale na msururu wa ucheleweshaji haujaanza. Kwetu hauendi kila mahali. Nairobi, alfajiri ndiyo saa ya ukungu. Upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, mawingu ya radi hujengeka juu ya maji usiku na kusukumwa kuelekea Bukoba asubuhi. Anayekwenda huko kwa jambo la lazima, msiba au kesi mahakamani, asafiri siku moja kabla. Wakati wa masika vivyo hivyo kwa ndege ndogo za Zanzibar, Pemba, Mafia na viwanja vya udongo vya hifadhini, ambako barabara ikilowa ndege inasubiri ikauke. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zifuatwe kwa uzito. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa siku kadhaa kabla hakijafika pwani yetu, na aliyesikiliza alipata muda wa kusogeza safari. Bima ya safari nayo inunuliwe mapema, kwa maana kimbunga kikishatangazwa, kampuni nyingi hazitakubali kukilipia.

Mwisho ni begi. Kwenye msukosuko wa hali ya hewa mabegi hubaki nyuma kwa maelfu, kama ilivyokuwa Dubai. Usitoke eneo la mizigo kabla hujaandikiwa ripoti ya upotevu na kupewa namba yake, hata kama umechoka na ndugu wanakusubiri nje. Kwa Mkataba wa Montreal, begi likiharibika unatakiwa kulalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na likichelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Barua iende kwa shirika kwanza, ikiwa na namba ya tiketi, tarehe, sababu uliyoandikiwa pale kaunta na nakala za risiti. Wasipojibu, Tanzania lipo Baraza la Ushauri la watumiaji wa usafiri wa anga chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na Kenya malalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya huko (KCAA). Kwa mkataba huohuo, kesi mahakamani ina ukomo wa miaka miwili tangu siku uliyofika au uliyotakiwa kufika.